Familia ya Japani na majirani zake: nianzie kwenye nyaraka au kwenye dodoso?

Mwanafunzi_wa_Uzamili

Salaam wanajamvi. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu familia katika Japani ya sasa, nikiilinganisha na Korea Kusini na Taiwan. Shahada yangu ya kwanza ni ya sosholojia, kwa hiyo nilipoanza nilijua njia moja tu: kuchukua data za dodoso zilizokwisha kukusanywa, kuchagua vigezo vyangu, kisha kutafuta uhusiano uliopo kati ya elimu, umri wa kuoa au kuolewa na idadi ya watoto. Mada yenyewe haihitaji kutetewa sana. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi cha Japani kilikuwa watoto 1.20 kwa kila mwanamke, na cha Korea Kusini kilikuwa 0.72, jambo ambalo limewafanya watu wengi wazungumzie Asia Mashariki kana kwamba ni nyumba moja yenye ugonjwa mmoja.

Mgogoro umezuka kwa walimu wanaonisimamia. Mmoja anataka historia ikae kwenye sura ya kwanza, kurasa kumi za utangulizi, kisha niendelee na kazi. Mwingine, ambaye ni mwanahistoria, ameniambia mbele ya wenzangu kwamba sijui hata neno "familia" lililomo kwenye dodoso langu linahesabu nini, na kwamba nisiguse jedwali lolote kabla sijasoma sheria za familia za enzi ya Meiji (1868–1912). Kila mmoja huzungumza kana kwamba mwenzake hayumo chumbani.

Naomba msaada kwa waliowahi kupita njia hii. Je, historia inabadilisha kweli matokeo ya utafiti wa jamii, au inayapamba tu? Na kama inabadilisha, nianze kushika wapi, ikizingatiwa kwamba Kijapani changu ni cha kusoma magazeti, Kikorea ndiyo kwanza ninajifunza, na nina miaka miwili tu?

Mkaa_Nyarakani

Mwalimu wako mwanahistoria amesema kwa ukali, lakini hakukosea. Nitakueleza kwa kutumia karatasi moja tu, kwa sababu ukiielewa hiyo utakuwa umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya mada yako. Karatasi hiyo ni koseki, rejista ya familia.

Sheria ya koseki ilitangazwa mwaka 1871, na mwaka uliofuata rejista ya kwanza ya nchi nzima ikaandikwa. Si kwamba kabla ya hapo watu hawakuandikwa. Katika enzi ya Tokugawa, iliyotangulia Meiji, vijiji viliweka madaftari ya ukaguzi wa dini, ambamo kila mtu alitajwa pamoja na hekalu lake la Kibuddha ili ithibitike kwamba si Mkristo. Madaftari hayo ndiyo Hayami Akira alikuja kuyageuza, katika karne ya 20, kuwa chanzo kikuu cha historia ya idadi ya watu ya Japani, jambo ambalo karani aliyekuwa akiwasaka Wakristo hakuliota hata usingizini. Serikali ya Meiji ilikuwa na shida nyingine. Ilikuwa inaanzisha shule mwaka 1872, na jeshi la lazima pamoja na kodi mpya ya ardhi mwaka 1873, na ilihitaji kujua nani yuko wapi na nani anamwajibikia nani.

Kisha Sheria ya Kiraia ya 1898 ikaitia karatasi hiyo nguvu. Ilitambua kitu kinachoitwa ie, nyumba inayoendelea kizazi hadi kizazi chini ya mkuu mmoja, ambaye idhini yake ilihitajika watu wake walipotaka kuoa au kuolewa, na ambaye cheo chake pamoja na mali vilirithiwa kwa kawaida na mtoto wa kiume wa kwanza. Mke aliingia katika rejista ya nyumba ya mumewe. Wengi husoma maelezo hayo wakadhani wanasoma desturi ya kale ya Wajapani wote, ilhali kwa kiasi kikubwa yalikuwa karibu zaidi na mwenendo wa familia za samurai, yakafanywa sheria kwa mkulima na mvuvi pia.

Sasa angalia kinachotokea kwenye takwimu. Mwishoni mwa karne ya 19 Japani ilikuwa na talaka nyingi mno kwa kipimo cha wakati ule. Kati ya 1897 na 1899 kiwango cha talaka kilishuka kwa karibu nusu. Mtu aliyeshika jedwali peke yake ataandika kwamba ndoa ziliimarika ghafla, na pengine atatafuta sababu za kiuchumi. Aliyesoma sheria atauliza kwanza kama watu waliacha kuachana au waliacha kuandikisha. Baada ya 1898 ndoa ilihesabiwa kuwa ndoa pale tu ilipoingizwa kwenye rejista, na familia nyingi zilichelewa kumwandikisha bibi harusi mpaka wahakikishe kwamba ameizoea nyumba au amepata mtoto. Aliyerudishwa kwao kabla ya hapo hakuwa ameolewa mbele ya serikali, kwa hiyo hakuachwa pia. Sisemi kwamba mshuko wote ulikuwa wa kwenye karatasi, kwani sheria yenyewe nayo iliifanya talaka iwe nzito zaidi. Nasema kwamba bila kuijua karatasi huwezi hata kuanza kuligawa swali.

Kwa majirani ndiko mada yako inakonoga. Japani ilipoitawala Taiwan, kuanzia 1895 hadi 1945, iliandaa rejista za kaya zilizosimamiwa na polisi, na kuanzia 1906 zikawa na utaratibu mmoja kwa kisiwa kizima. Fomu hizo zilikuwa na safu ambazo huzikuti katika koseki ya Japani yenyewe: kabila la mtu, kama anavuta afyuni, kama miguu yake imefungwa, kama amechanjwa ndui. Sensa ya kwanza ya Taiwan ilifanyika 1905, miaka 15 kabla Japani haijafanya ya kwake tarehe 1 Oktoba 1920. Yaani koloni lilihesabiwa kabla ya nchi iliyolitawala, na wanaohesabiwa mapema si lazima wawe ndio wanaothaminiwa zaidi.

Korea, iliyotwaliwa 1910, ilipata rejista yake, na ndani yake mamlaka ya mkuu wa kaya, ambaye kwa Kikorea huitwa hoju. Japani ilipokuja kuiondoa ie katika sheria baada ya Vita vya Pili vya Dunia, koseki ilibaki, lakini kuanzia 1948 ikapunguzwa hadi vizazi viwili: mume na mke wenye jina moja la ukoo pamoja na watoto wao wasiooa wala kuolewa. Korea Kusini, kinyume chake, iliuweka mfumo wa hoju katika Sheria yake ya Kiraia iliyoanza kutumika 1960. Waliokuwa wakiutetea walisema ni mila ya Kikonfusio. Waliokuwa wakiupinga walionyesha alama za ukoloni zilizomo. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba unapingana na katiba, na tarehe 1 Januari 2008 rejista mpya, isiyo na mkuu wa kaya, ikaanza kutumika. Hesabu mwenyewe: chombo kilichoundwa Tokyo kiliendelea kuishi Seoul miaka 60 baada ya Tokyo kukiacha.

Kwa hiyo ukilinganisha "mkuu wa kaya" wa Japani na wa Korea Kusini katika data za miaka ya 1990, unalinganisha neno moja lenye miili miwili. Kurasa kumi za utangulizi hazikuokoi hapo. Jambo hilo linapaswa kukaa katika sura ya mbinu.

Hesabu_Kwanza

Namheshimu sana Mkaa_Nyarakani, na mfano wake wa talaka nitauiba darasani. Lakini ninaogopa kwamba mdogo wetu huyu ataondoka hapa akaingia hifadhini, na miaka miwili itakwisha akiwa bado anasoma rejista ambazo, isitoshe, haruhusiwi kuziona. Rejista ile ya 1872 ilifungwa kabisa mwaka 1968, kwa sababu iliwataja watu waliotoka katika tabaka lililokuwa limetengwa, na watu binafsi walikuwa wakiitumia kuchunguza asili ya wachumba na waombaji kazi. Tangu 2008 hata koseki za kawaida hazifunguliwi kwa mtu asiyehusika. Ni haki kabisa iwe hivyo, ila mpango wa utafiti lazima ulijue jambo hilo kabla ya tiketi ya ndege kukatwa.

Kilicho wazi kwako ni kingine. Upo utafiti wa matabaka na uhamaji wa kijamii wa Japani, unaofupishwa SSM, ambao umefanywa kila baada ya miaka kumi tangu 1955. Upo utafiti mkuu wa kijamii wa Japani, JGSS, ulioanza 2000, na ndugu zake wa Korea Kusini, China na Taiwan; hao wanne waliungana wakaunda utafiti wa pamoja wa Asia Mashariki, EASS, ambao moduli yake ya kwanza, ya 2006, ilihusu familia. Maswali yake yalipangwa tangu mwanzo ili yalinganishike katika nchi zote nne. Kwa mtu mwenye miaka miwili hiyo ni zawadi. Data nyingi za Japani zinaombwa kupitia hifadhi ya data ya Taasisi ya Sayansi ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Tokyo.

Nikirudi kwenye swali lako la kwanza: ndiyo, historia inabadilisha matokeo, na anayefanya takwimu anaijua vizuri kuliko anavyodhaniwa. Nitatoa mfano wa mwaka 1966. Mwaka 1965 walizaliwa watoto wapatao milioni 1.82 nchini Japani, 1966 wakawa milioni 1.36, na 1967 wakawa milioni 1.94. Hakukuwa na vita, njaa wala tauni. Ulikuwa mwaka wa farasi wa moto, hinoeuma, unaorudi kila baada ya miaka 60, na imani ilikuwa kwamba msichana aliyezaliwa mwaka huo atakuwa na hasira kali na atamfupishia mumewe maisha. Wazazi walipanga uzazi wakaukwepa.

Lakini mwaka wa namna hiyo uliotangulia, 1906, ulikwepwa kwa njia nyingine. Uzazi wa mpango haukuwa umeenea, basi watu wakapanga karatasi badala ya mimba: mabinti wengi waliandikishwa kana kwamba wamezaliwa 1905 au 1907. Wanatakwimu waliligundua hilo kwa sababu uwiano wa wavulana na wasichana wa mwaka huo ulipinda kwa namna ambayo maumbile hayaelezi. Imani ni ile ile, na mteremko kwenye mchoro unafanana, ila mmoja ulitokea vitandani na mwingine kwenye dawati la karani. Ninakubali kwamba mchoro peke yake haukuambii ni upi. Nakumbusha tu kwamba aliyefichua hila ya 1906 alikuwa mtu wa hesabu.

Na kabla hamjaanza kuisifu sana rejista: mwaka 2010 ilibainika kwamba mtu aliyehesabiwa kuwa miongoni mwa wazee kupindukia wa Tokyo, mwenye miaka 111, alikuwa amekufa nyumbani kwao miongo mitatu hivi kabla ya hapo. Wizara ya Sheria ilipochunguza koseki za nchi nzima ilikuta watu zaidi ya 230,000 wenye umri wa miaka 100 na kuendelea ambao hawakujulikana waliko, wakiwemo 884 waliokuwa "hai" wakiwa na miaka 150 au zaidi.

Mwanafunzi_wa_Uzamili

Nawashukuru wote wawili. Nakiri kwamba mfano wa 1906 umenikosesha usingizi, maana ningeuweka kwenye jedwali bila kuuliza chochote.

Nina maswali mawili ya nyongeza. La kwanza: je, ninaweza kuiandika sehemu ya Korea na Taiwan kwa kutegemea vyanzo vya Kijapani, kwa kuwa utawala wa kikoloni uliandika karibu kila kitu kwa Kijapani? La pili: hakuna aliyetaja mahojiano. Nilikuwa na wazo la kukaa majuma manane Osaka nikiwahoji wanawake wazee. Nilifute?

Mguu_Barabarani

Usilifute. Nimesubiri nione kama kuna atakayekumbuka kwamba familia ina watu ndani yake.

Kijiji cha Suye, mkoani Kumamoto, kisiwa cha Kyushu, ndicho kilichofanyiwa mojawapo ya tafiti za kwanza za kianthropolojia za kukaa na wanakijiji wa Japani. Mmarekani John Embree aliishi hapo mwaka 1935 na 1936 pamoja na mkewe, Ella. Yeye alitegemea wakalimani. Mkewe alikuwa amekulia Japani na alizungumza Kijapani kama maji. Kitabu cha mume kilitoka 1939, kikaeleza kaya, ushirikiano wa kazi na ibada. Madaftari ya mke yalikaa mpaka 1982 ndipo yakachapishwa, na ndani yake mna wanawake wa kijijini wanaovuta tumbaku, wanaokunywa pombe kali ya shochu, wanaofanya mizaha ya chumbani mbele ya watu, na walioachika wakaolewa tena mara mbili au tatu bila dunia kuwaangukia. Hao ni wanawake wale wale ambao sheria ya 1898 iliwachora wakiwa wameinamisha vichwa. Kijiji kimoja, mwaka mmoja, nyumba moja ya watafiti, na picha mbili, kwa sababu mmoja aliisikia lugha na mwingine alitafsiriwa.

Kuhusu Osaka, nitakusimulia kidogo yaliyonikuta huko wilayani Ikuno, ambako wamekaa Wakorea wengi tangu kabla ya vita, hasa waliotoka kisiwa cha Jeju. Nilimuuliza bibi mmoja swali rahisi kabisa la fomu yangu: una umri gani? Akaniuliza ninataka upi. Upo wa Kikorea, ambao mtoto huzaliwa ana mwaka mmoja na huongeza mwingine kila mwaka mpya. Upo wa Kijapani wa siku hizi. Na upo wa kwenye cheti, ambao alisema baba yake alimwandikisha akiwa amekwisha kuanza kutembea. Kisha akanipa majina mawili, la Kikorea na la Kijapani, akaniambia niandike lile litakaloingia vizuri kwenye kisanduku. Nilikuwa na visanduku viwili tu, cha jina na cha umri, na vyote viwili vikanishinda kabla chai haijapoa.

Tahadhari moja, na hii ni kubwa. Usidhani kwamba mahojiano ni safi kwa sababu tu yametoka kinywani. Kati ya 1940 na 1944 watafiti wa Kijapani, wakiungwa mkono na idara ya utafiti ya Reli ya Manchuria Kusini, kampuni ya Kijapani, waliwahoji wakulima wa vijiji vya Hebei na Shandong, kaskazini mwa China, kuhusu ardhi, ndoa, madeni na urithi. Mahojiano yaliandikwa swali kwa jibu, yakachapishwa baada ya vita katika juzuu sita, na mpaka leo wanahistoria wa China vijijini hawawezi kuyakwepa. Lakini aliyeuliza alikuja nyuma ya jeshi lililokuwa limeikalia nchi. Ukikuta mkulima anajibu "sijui" kuhusu kodi, na papo hapo anaeleza kwa kirefu namna ya kugawana jiko ndugu wanapotengana, jiulize ni lipi kati ya maswali hayo lingeweza kumletea askari mlangoni. Mimi huyasoma kwa furaha, ila "sijui" zake ninaziwekea alama ya penseli pembeni.

Zipo pia nyakati ambazo sauti ilitangulia karatasi. Mwezi Agosti 1991 Kim Hak-sun alisimama Seoul akasema hadharani kwamba alilazimishwa kuwatumikia kingono askari wa Kijapani. Ilikuwa Januari 1992 ndipo hati alizozipata mwanahistoria Yoshimi Yoshiaki katika maktaba ya Wakala wa Ulinzi wa Japani zilipotangazwa, zikionyesha mkono wa jeshi. Hati zilikuwapo miaka yote hiyo. Alihitajika mtu wa kusema ili mwingine ajue la kutafuta.

Mkaa_Nyarakani

Nijibu la vyanzo vya Kijapani kuhusu Korea na Taiwan. Unaweza kuanzia huko, lakini huwezi kuishia huko. Rejista za Taiwan zimewafaa sana wanademografia. Arthur Wolf, kwa mfano, alizitumia kuchunguza mabinti waliochukuliwa wangali wachanga ili walelewe na familia ya mume wao wa baadaye. Ila aliziambatanisha na mazungumzo na wazee, kwa kuwa polisi aliandika nani alihamia nyumba ipi bila kuandika nani alilia. Kuhusu Korea, hati za kikoloni zina tatizo la ziada: maofisa walikusanya "desturi za Kikorea" ili mahakama zizitumie, na mara nyingi waliuliza maswali ambayo tayari yalikuwa na umbo la sheria ya Japani. Ukimuuliza mtu nani ni mkuu wa nyumba yenu, atakutajia mtu, hata kama kwao cheo hicho hakikuwa na maana unayoidhania. Kwa hiyo ongeza bidii katika Kikorea. Taiwan kwa hatua hii isome kupitia kazi za wengine.

Kuhusu Kijapani cha magazeti: kitakufikisha kwenye maandishi ya baada ya 1946, serikali ilipopunguza herufi za matumizi ya kawaida hadi 1,850 na kuanza kuandika sheria kwa lugha inayosemwa. Nyuma ya hapo utakutana na herufi za umbo la zamani, sheria zilizoandikwa kwa katakana (herufi za silabi) na sarufi ya kizamani, na ukirudi nyuma zaidi, mwandiko wa brashi ambao Wajapani wengi wenyewe hawausomi. Usiufuate huko. Chukua maandishi yaliyopigwa chapa. Kituo cha kumbukumbu za historia ya Asia, JACAR, kimeweka mtandaoni tangu 2001, bila malipo, hati za Hifadhi ya Taifa, Wizara ya Mambo ya Nje na jeshi, na ripoti nyingi za makoloni zimo. Jihadhari na tarehe: Japani ilihamia kalenda ya sasa tarehe 1 Januari 1873, na mwezi wa kabla ya hapo si mwezi unaoufikiria.

Halafu kuna mtu mmoja ningependa mumjue wote, kwa kuwa ugomvi wa walimu wako yeye alikwisha kuumaliza zamani. Toda Teizō, mwanasosholojia wa Tokyo, alichukua sampuli ya fomu moja katika kila elfu za sensa ya 1920, akachapisha matokeo yake mwaka 1937. Sensa ile haikuhesabu ie. Ilihesabu setai, watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Toda alikuta kwamba kaya ya wastani ilikuwa na watu wapatao watano tu, na kwamba zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa za wazazi na watoto wao, bila babu wala shemeji. Alilisema hilo katikati ya zama ambazo wimbo wa kila siku wa serikali ulikuwa nyumba kubwa chini ya mkuu mmoja.

Hesabu_Kwanza

Toda ananiweka upande wa Mkaa_Nyarakani, nami sina budi kumaliza deni langu, maana kuna jambo nililificha hapo juu kwa kuharakisha.

Nilikupa SSM kama chanzo cha tangu 1955. Sikukuambia kwamba kwa miaka 30 ya kwanza waliohojiwa walikuwa wanaume peke yao; wanawake waliingizwa mwaka 1985. Waandaaji walidhani kwamba tabaka la familia ni tabaka la mume. Hilo ni wazo la ie likitembea ndani ya dodoso la kisasa, takriban miaka minane baada ya sheria yake kufutwa.

La pili ni la sampuli. Tafiti kubwa za Japani huchota majina kutoka kwenye rejista ya wakazi au orodha ya wapiga kura. Tarehe 28 Aprili 1952, mkataba wa amani wa San Francisco ulipoanza kutumika, Wakorea na Wataiwani waliokuwa wakiishi Japani walipoteza uraia wa Japani, na kigezo cha nani ni nani kilikuwa rejista ya familia: aliyeandikwa katika rejista ya Korea akawa mgeni, hata kama alizaliwa Osaka. Mwanamke wa Kijapani aliyeolewa na Mkorea na kuhamishiwa rejista ya mumewe alipoteza uraia pamoja naye. Tangu hapo wageni waliwekwa katika orodha yao ya pekee, na hawakuingizwa katika rejista ya wakazi mpaka Julai 2012. Katika orodha ya wapiga kura hawamo hadi leo.

Kwa hiyo yule bibi wa Ikuno, ikiwa bado anashikilia uraia wa Kikorea, asingeweza kuchaguliwa katika moduli ya familia ya 2006 upande wa Japani, kwa namna yoyote ile. Na kwa kuwa anaishi Osaka, hakuwa katika sampuli ya Seoul pia. Nimefundisha data hizi kwa muda mrefu, na mwaka wa kwanza niliandika "watu wazima wa Japani" chini ya kila jedwali.

Fungua kitabu cha maelezo cha data utakayoichagua, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa namna sampuli ilivyochotwa, uunakili neno kwa neno, kisha umpelekee kila mmoja wa walimu wako wawili na umwombe akuambie nani hayumo. Majuma manane ya Osaka yatumie kwa hao.